Sura ya Tano: Habari Ilianza Saa Ngapi?

Mbeya na Iringa, kila baada ya siku ya mabomu ya machozi, watu huulizana swali moja: mbona niliyoyaona kwa macho yangu siyo niliyoyasikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku? Muuza mitumba wa Kabwe analiuliza. Mwanachuo wa Iringa analiuliza. Mama lishe aliyeacha sufuria jikoni na kukimbia moshi analiuliza pia, tena kwa uchungu zaidi, kwa sababu katika habari ile yeye hayumo kabisa.

Wengi hujijibu papo hapo. Waandishi wamenunuliwa, wanasema. Wengine wanasema waandishi wanaogopa. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na nitayafikia. Lakini baada ya kusoma na kusikiliza habari za maandamano kwa miaka mingi, ninaamini kwamba sehemu kubwa ya tatizo haihitaji rushwa wala vitisho. Unaweza kuandika habari ambayo kila sentensi yake ni ya kweli, majina yako sawa, idadi iko sawa, na bado msomaji akabaki na picha isiyo ya kweli.

Hali hiyo inaitwa upendeleo wa vyombo vya habari. Katika sura hii maana yake ni hii: habari kuegemea upande uleule mara kwa mara, hata pale mwandishi hakukusudia. Kosa la siku moja si upendeleo. Mwandishi akikosea idadi ya watu leo, kesho anasahihisha. Upendeleo ni mazoea, na mazoea hayasahihishwi kesho yake kwa sababu hakuna anayeyaona kuwa ni kosa.

Ijumaa ya Mwanjelwa

Tarehe 11 Novemba 2011, siku ya Ijumaa, wamachinga wa Mwanjelwa jijini Mbeya walipambana na polisi. Matairi yalichomwa, barabara kuu iendayo Zambia ikazibwa, mabomu ya machozi yakapigwa, maduka yakafungwa. Mbunge wa Mbeya Mjini wakati huo, Joseph Mbilinyi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Sugu, aliombwa aje kuzungumza na vijana ili watulie. Nchi nzima ikasikia kuhusu vurugu za machinga Mbeya.

Turudi nyuma kidogo. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto Desemba 2006. Wafanyabiashara wakatawanyika, wengine wakaenda eneo la SIDO, wengine wakatandika bidhaa zao popote wapita njia walipopita. Soko jipya likaahidiwa, ujenzi ukaanza, kisha ukasuasua. Miaka karibu mitano ikapita. Ndipo Jiji likataka kuwaondoa watu wale kando ya barabara.

Sasa linganisha mianzo miwili ya habari hiyohiyo. Yote miwili nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano. Wa kwanza: “Polisi jijini Mbeya jana walilazimika kutumia mabomu ya machozi kuwatawanya wamachinga waliofunga barabara na kuchoma matairi.” Wa pili: “Wafanyabiashara ambao bado wanasubiri soko jipya, karibu miaka mitano tangu la zamani liungue, jana walipambana na polisi jijini Mbeya baada ya Jiji kutaka kuwaondoa kando ya barabara.”

Hakuna uongo katika mianzo hiyo. Ila wa kwanza unaanzia asubuhi ya Ijumaa, na wa pili unaanzia Desemba 2006. Ukiuanzia ugomvi asubuhi ya Ijumaa, aliyewasha tairi ndiye chanzo. Ukiuanzia kwenye moto wa soko, unalazimika kuuliza fedha za ujenzi, mkandarasi, ahadi, na nani alikuwa ofisini miaka yote hiyo. Wazee wanaosuluhisha ugomvi wa ndoa wanalijua jambo hili vizuri: hawakubali kuanza kusikiliza kutoka kwenye kofi. Wanauliza kabla ya kofi kulikuwa na nini, na kabla ya hilo kulikuwa na nini. Hawafanyi hivyo ili kumtakasa aliyepiga. Wanajua kwamba hukumu inayoanzia kwenye kofi itawarudisha kwenye kikao kilekile mwezi ujao.

Na kweli tulirudi. Jumapili ya tarehe 19 Mei 2013 zamu ilikuwa ya Iringa, eneo la Mashine Tatu. Wamachinga walitaka kuendelea kufanya biashara pale siku za Jumapili, Manispaa ikakataa, polisi wakaingia na mabomu ya machozi. Mbunge wa Iringa Mjini wakati huo, Mchungaji Peter Msigwa, akakamatwa. Habari ikawa ni mbunge kukamatwa. Swali la vijana wale kuuzia wapi, na kwa nini Jumapili ilikuwa na maana kubwa kwao kuliko siku nyingine, lilipata sentensi moja chini kabisa, pale ilipopata hata hiyo moja.

Kwa nini mwandishi anaanzia kwenye moshi? Sababu ya kwanza ni kwamba runinga inakula picha, na dai halina picha. Moshi unayo. Sababu ya pili ina uzito zaidi. Habari, kwa desturi ya chumba cha habari, ni jambo jipya. Dai la soko lilikuwa la zamani, watu walikuwa wakilirudia kila mwaka, na mhariri aliyepelekewa habari ya wafanyabiashara wanaolalamika Mwanjelwa angejibu kwamba hiyo tumeshaiandika. Kwa hiyo malalamiko ya amani yakachuja mapema, na siku tairi lilipowaka, habari ikapata uhai. Watu nao wanaona. Wanajifunza kwamba kamera haiji mpaka paungue kitu. Hili linanisumbua kuliko yote katika sura hii, kwa sababu hapa chombo cha habari kinaacha kuwa shahidi na kuwa sehemu ya chanzo.

*Kwa ufupi: habari ya maandamano huegemea upande mmoja kwanza kwa kuchagua saa ya kuanzia. Anayechagua saa ya kuanzia amekwisha kuchagua mkosaji.*

Maandamano ambayo dai lake hutajwa kwanza

Mtu atasema kwamba ndivyo habari za maandamano zilivyo, haziwezi kuandikwa vingine. Si kweli. Kila mwaka Mei Mosi wafanyakazi huandamana na mabango, na karibu kila chombo huanza na walichokitaka: kima cha chini, makato, kikokotoo cha pensheni. Tazama pia maandamano ya kumpongeza kiongozi. Sentensi ya kwanza inakueleza wametoka wapi, wanapongeza nini, na kwa nini. Foleni waliyosababisha barabarani haitajwi.

Waandishi wenyewe pia waliwahi kuandamana. Septemba 2012 walitoka barabarani Dar es Salaam na katika miji mingine kudai haki ya mwenzao aliyeuawa, kisa ambacho nitakieleza hapa mbele. Siku ile hakuna mwandishi aliyehitaji kufundishwa kwamba maandamano yana sababu, na kwamba sababu hiyo ndiyo habari.

Kwa hiyo ufundi wa kuanza na dai upo. Unatumiwa kwa wafanyakazi siku ya sikukuu yao, kwa wanaopongeza, na kwa waandishi wenyewe. Machinga na vijana wa vyama vya upinzani hawaupati.

Nani anamlipa anayekuletea habari?

Sasa tuyafikie yale majibu ya mtaani, kwamba wamenunuliwa au wanaogopa. Ili kuyapima, inabidi ujue mwandishi wa mkoani anaishije.

Magazeti makubwa, runinga na redio zinazosikika nchi nzima, nyingi ziko Dar es Salaam. Mikoani zina waandishi ambao wengi wao hawana ajira ya kudumu. Mwandishi analipwa kwa kila habari inayotoka. Habari isipotoka, halipwi, hata kama ameikimbilia siku nzima. Nauli mara nyingi ni yake, vocha ni yake, kamera mara nyingine ni ya kuazima.

Fikiria basi mwandishi wa namna hiyo yuko Iringa mjini, na kuna jambo Mufindi au Kilolo. Atakwendaje? Akipanda gari la msafara wa chama, amekwenda na upande mmoja. Akipanda gari la serikali au la polisi, amekwenda na upande mwingine. Na yeyote anayemsafirisha mwandishi huwa anatarajia kitu, hata kama hasemi. Halafu kuna bahasha, ile posho ndogo inayotolewa baada ya mkutano na waandishi. Siitetei. Nasema tu kwamba mtu anayelipwa kwa habari moja moja, kwa kiasi kisichotosha kodi ya chumba, amewekwa kwenye majaribu na mwajiri wake kabla hajawekwa na mwanasiasa.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalifikirii. Mwandishi wa mkoa anamhitaji Kamanda wa Polisi wa Mkoa, yule ambaye kila mtu anamwita RPC, siku zote za mwaka. Ajali ya basi Kitonga, mauaji, ujambazi, dawa za kulevya: habari hizi ndizo mkate wake wa kila siku, na ofisi ya kamanda ndiyo inayozithibitisha. Siku ya maandamano kamanda ana jina, cheo, simu inayopokelewa, na maelezo yaliyopangwa. Waandamanaji ni elfu moja, hakuna msemaji, nusu wanakimbia, wengine wanaogopa kutaja majina yao. Saa kumi jioni mhariri anapiga simu kutoka Dar kutaka habari. Maelezo ya nani yatakaa juu?

Hapo hakuna aliyehongwa. Kazi yenyewe imepangwa hivyo.

Hofu nayo ina sababu zake, na sababu hizo zina tarehe. Gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa Julai 2012. Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90, Septemba 2013. Leseni ya Tanzania Daima ilifutwa Juni 2020. Oktoba 2024 leseni za huduma za mtandaoni za Mwananchi zilisimamishwa kwa siku 30. Mhariri anayeamua habari ya Mbeya ikae ukurasa wa kwanza au wa saba anazijua tarehe hizo kwa moyo, na anajua kuna watu wangapi katika jengo lake wanaotegemea mshahara wa mwezi ujao.

Nyololo, 2 Septemba 2012

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya, ukiipita Mafinga kabla ya kufika Makambako, utakuta kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi. Pale, Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2012, chama cha upinzani cha Chadema kilikuwa na shughuli ya kufungua tawi, na katibu mkuu wake wa wakati huo, Dk. Willibrod Slaa, alikuwepo. Polisi walikuwa wamezuia shughuli za kisiasa kwa maelezo kwamba sensa ya watu na makazi ilikuwa bado inaendelea. Waandishi kutoka Iringa mjini walikwenda. Kati yao alikuwa Daudi Mwangosi, mwakilishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari mkoani Iringa.

Polisi walianza kutawanya watu. Mwandishi mmoja akakamatwa na kupigwa, na Mwangosi akasogea kumwulizia mwenzake. Askari wakamzunguka. Muda mfupi baadaye bomu la machozi lilifyatuliwa kwenye tumbo lake kutoka karibu sana. Alifia pale pale.

Maelezo ya kwanza ya polisi yalielekea kwa umati: kwamba kitu kilichorushwa kutoka upande wa wafuasi ndicho kilichomuua. Hapa nakuomba usimame kidogo. Iweke habari hii katika mazoea niliyoyaeleza. Kijiji kiko mbali na mji. Msemaji mwenye cheo ana maelezo tayari. Umati hauna msemaji. Mhariri anasubiri. Kwa mazoea yale, habari ingeandikwa hivi: vurugu za wafuasi wa chama zimesababisha kifo cha mwandishi. Sentensi moja safi, chanzo rasmi, na jambo limekwisha.

Haikwenda hivyo kwa sababu moja. Waandishi wenzake walikuwa pale na kamera, na waliendelea kupiga picha. Picha zilizochapishwa siku zilizofuata zilimwonyesha Mwangosi katikati ya duara la askari, akipigwa, na askari mmoja akiwa amemwelekezea silaha tumboni. Baada ya picha zile, maelezo ya kitu kilichorushwa na umati hayakuweza kusimama.

Yaliyofuata yanafundisha pia. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Emmanuel Nchimbi, aliunda kamati iliyoongozwa na jaji mstaafu Stephen Ihema. Baraza la Habari Tanzania na Jukwaa la Wahariri wakafanya uchunguzi wao. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ikafanya wake, na ikaona kwamba polisi walivunja haki za binadamu. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari Pacificus Cleophace Simon kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Katika picha zile kulikuwa na duara la askari. Aliyefungwa ni mmoja.

Ninalotaka msomaji alichukue kutoka Nyololo linahusu wengine kuliko Mwangosi mwenyewe. Ni watu wangapi wamekufa au kuumizwa katika mikusanyiko ambayo haikuwa na kamera ya mwandishi? Habari zao ziliandikwaje? Mwangosi alikuwa na jina, cheo katika klabu, mwajiri Dar es Salaam na wenzake waliokuwa tayari kupigana kwa ajili yake. Mkulima aliyesimama hatua kumi kutoka pale hakuwa na hata kimoja. Kama angekuwa yeye, maelezo ya kwanza yangekuwa pia ya mwisho.

*Kwa ufupi: chanzo rasmi kina haki ya kusikika, lakini nacho ni upande, hasa pale chanzo hicho kilipokuwa ndani ya tukio. Polisi waliofyatua bomu hawawezi kuwa shahidi pekee wa nani aliyefyatua.*

Mbeya mara mbili katika mwaka mmoja

Mwaka 2024 Mbeya ilitupatia nafasi adimu ya kulinganisha. Tarehe 20 Februari Chadema iliandamana jijini humo, katika mfululizo ulioanzia Dar es Salaam Januari 24, ukapita Mwanza na kumalizikia Arusha. Walidai katiba mpya, walipinga miswada ya sheria za uchaguzi, walilalamikia ugumu wa maisha. Polisi waliruhusu na kusimamia. Watu wakatembea, wakahutubiwa, wakarudi nyumbani.

Agosti ya mwaka uleule, jiji lilelile. Vijana wa chama hicho walipanga kukusanyika tarehe 12 kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani. Polisi wakapiga marufuku, wakieleza kwamba kauli za waandaaji zilizotaja vijana wa Kenya waliokuwa wakiandamana ziliashiria nia ya kuvunja amani. Viongozi wa chama Tundu Lissu, John Mnyika na Sugu wakakamatwa Mbeya siku moja kabla, mwenzao Freeman Mbowe akakamatwa kesho yake, na mabasi ya vijana yakazuiwa njiani. Polisi walitaja idadi ya waliokamatwa kuwa 520. Waandishi wa habari nao walikamatwa wakiwa kazini.

Ni tukio lipi lililobaki kichwani mwa Watanzania? Waulize watu kumi nje ya Mbeya. Agosti wataikumbuka. Februari wengi watakuwa wameisahau, ingawa Februari ndiyo ilikuwa na maandamano, na Agosti ilikuwa na kamatakamata tu. Habari za Februari ziliandikwa, sikatai, lakini uhai wake ulikuwa siku mbili. Za Agosti ziliishi kwa wiki, na katika wiki hizo zote ni nadra kukuta aya iliyoeleza vijana wale walitaka kuzungumzia nini siku yao. Ajira? Elimu? Uchaguzi wa serikali za mitaa uliokuwa unakuja Novemba? Msomaji hakuambiwa. Aliambiwa nani yuko mahabusu, nani ametoka kwa dhamana, ubalozi gani umetoa tamko.

Matokeo yake ni kwamba neno maandamano limeungana na hofu. Mzazi wa Uyole akisikia mwanawe anataka kwenda kwenye mkusanyiko, anaona mabomu na karandinga, kwa sababu ndiyo picha alizolishwa. Mkusanyiko ulioisha salama haukumwachia picha.

Simu za mkononi hazijatuokoa

Wapo wanaosema tatizo hili lilikwisha siku kila mtu alipopata simu yenye kamera. Nyololo inaonyesha nguvu ya kamera, kweli. Lakini video ya simu nayo ina saa yake ya kuanzia. Aliyerekodi alibonyeza kitufe wakati fulani, na aliyeituma alikata kipande fulani. Wafuasi wa chama hawatumi kipande cha mwenzao akirusha jiwe kwanza. Klipu ya mji mwingine, ya mwaka mwingine, hupewa jina la Mbeya na kuzunguka makundi ya WhatsApp kabla jua halijazama. Magazeti yaliyokuwa karibu na upinzani nayo yalikuwa na mazoea yao: umati ulikuwa siku zote mkubwa kuliko uwanja, na kosa la mwandamanaji halikuonekana. Anayetaka haki itendeke hana budi kulisema hili waziwazi, la sivyo atakuwa anadai haki kwa upande wake tu.

Hata kamera kubwa za kitaalamu huweza kugeuza mpangilio. Juni 1984 huko Orgreave, Uingereza, wachimba makaa ya mawe waliogoma walipambana na polisi. BBC ilionyesha wachimbaji wakirusha mawe, kisha polisi wa farasi wakiwavamia. Baadaye shirika hilo likakiri kwamba mpangilio wa picha ulikuwa umegeuzwa, likasema haikuwa kwa makusudi. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kuona wa kwanza kukosea alikuwa nani, na hapakuwa na picha hata moja ya kughushi.

Siku ambazo habari haikuwepo

Kuna upendeleo mmoja ambao hauna mwanzo mbaya wala kichwa kibaya cha habari, kwa sababu hauna habari. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalizuka katika miji kadhaa ya Tanzania, Mbeya ikiwemo. Intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mtu aliyekaa nyumbani Forest au Sokomatola, Mbeya, akisikia milio, akawasha runinga, alikuta taarifa za upigaji kura na kuhesabiwa kwa kura. Ili kujua kilichotokea mtaa wa pili, alimpigia simu ndugu yake.

Watu walikufa. Idadi yao imekuwa jambo la mabishano makali, na serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mabishano hayo yana chanzo ambacho sura hii imekuwa ikikizunguka: siku zile hapakuwa na waandishi wa kutosha barabarani wa kuandika jina, mtaa na saa, na walioandika hawakuwa na pa kuchapisha. Pale rekodi inapokosekana, kila upande huleta idadi yake, na familia iliyopoteza mtu inabaki kuthibitisha kwamba mtu wake aliwahi kuwepo.

Nchini Kenya, tarehe 25 Juni 2025, mamlaka ya mawasiliano iliagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo na vituo vikarudi hewani. Siwaonei Wakenya wivu kwa mambo yote, lakini kwa hilo nawaonea: vituo vilikuwa vimeonyesha kiasi cha kuzimwa, na kulikuwa na mahali pa kukimbilia siku hiyohiyo.

Maswali ya kushika mkononi

Msomaji hawezi kumwajiri mwandishi wala kubadili sheria asubuhi moja. Anaweza kusoma kwa kudai zaidi. Ukikutana na habari ya maandamano, iwe ya gazeti au ya kundi la WhatsApp, iulize haya:

1. Inaanzia lini? Kama inaanzia siku ya moshi, tafuta kilichotokea mwezi uliopita na mwaka uliopita.
2. Dai ni lipi, na limeandikwa katika aya ya ngapi? Kama umemaliza kusoma na hujui waandamanaji walitaka nini, hukusoma habari ya maandamano.
3. Nani amezungumza kwa jina, na nani ameitwa tu “kundi la watu”?
4. Mwandishi alikuwepo, au alipigiwa simu? Habari nzuri husema.
5. Kitenzi kina mtendaji? “Watu watatu wamefariki katika vurugu” ni sentensi isiyo na aliyeua. Huenda hajulikani bado. Basi iseme kwamba hajulikani.
6. Maelezo ya kwanza yalibadilika? Yakibadilika, chombo kilirudi kusema hivyo kwa ukubwa uleule?

Swali la sita ndilo gumu kuliko yote kwa vyumba vya habari, na ndilo ningependa wasomaji wa Mbeya na Iringa walishikilie kwa nguvu zaidi. Piga simu kituoni. Mwandikie mhariri barua, utaje tarehe ya habari ya kwanza, uulize mwisho wake ulikuwaje. Redio za mikoa yetu ziko karibu, watangazaji wake wanaishi mitaani mwetu, na wanajua wasikilizaji wao ni nani. Mhariri wa Dar es Salaam aliyepokea simu kumi kutoka Mwanjelwa kuhusu habari moja atamwuliza mwandishi wake swali la saa ya kuanzia kabla ya habari inayofuata. Na mwandishi akiombwa aya ya dai na mhariri wake, akalipiwa nauli ya kwenda kuitafuta, ataileta, kwa sababu mara nyingi alikwisha kuisikia pale barabarani na akakosa nafasi ya kuiweka.

Kwa upande wa waandishi, Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania ulianzisha tuzo yenye jina la Daudi Mwangosi kwa ajili ya ujasiri. Tuzo ni jambo jema. Lakini mwandishi anayekwenda Nyololo ya leo anahitaji kabla ya tuzo mkataba wa kazi, bima, nauli isiyotoka kwenye mfuko wa chama wala wa serikali, na mwenzake mwenye kamera ya pili.